Kura Ni Siku Moja, Bajeti Ni Kila Mwaka: Hivi Ndivyo Mtaanzisha Kundi la Mtaa Lisilo na Chama

Juni 25, 2024 dunia nzima iliona vijana wa Kenya wakiingia Bunge. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia sahihi Mswada wa Fedha. Hiyo ni historia, na kuna wazazi waliozika watoto wao kwa sababu ya siku hizo, kwa hivyo hatuiongelei kama mzaha.

Lakini hebu tuulizane pole pole. Tangu hiyo siku, taa ya pale steji imewaka? Mtaro wa nyuma ya ploti umezibuliwa? Zahanati ya mtaa ina dawa ama bado unaandikiwa karatasi ukanunue kwa duka la dawa?

Kama jibu lako ni zii, kuna sababu. Mswada wa Fedha ulikuwa na kamera kila kona. Bajeti ya taa za wadi yenu haina kamera. Mara nyingi inajadiliwa siku ya wiki, asubuhi, wakati wewe uko kazini ama unatafuta kazi, kwa ukumbi wenye viti vingi kuliko watu. Wenye wanafika ni wale wale: watu wa mhesh, mtu anatafuta tenda, na mzee mmoja mwenye anapenda mikutano. Wahenga walishamaliza hii story: asiyekuwepo na lake halipo.

Kenya ina wadi 1,450. Unahitaji moja tu, ile unalala. Na hauhitaji kuwa mwanasiasa, wakili ama msee wa NGO. Unahitaji mbogi ndogo yenye nidhamu, isiyo ya mtu. Shika rada, tuende hatua kwa hatua.

Kwanza: "lisilo na chama" ni kusema nini?

Wasee wengi wakisikia hivyo wanadhani ni kundi la waoga, wale wa "sisi hatutaki siasa". Hapana. Taa, maji na barabara zote ni siasa, hakuna kuhepa. Mnaweza kumtaja MCA kwa jina, mkasema aliahidi barabara itaisha Machi na hii ni Agosti. Hiyo si kuegemea upande.

Kuegemea upande ni pale mnapiga kelele kwa huyu na mnanyamazia yule kwa kosa lile lile. Kuna kipimo rahisi. Chukueni barua yenye mmeandika kulalamika. Futeni jina la kiongozi, muweke la yule mnampenda. Bado mngeitia sahihi? Kama ndiyo, hiyo ni barua ya kundi. Kama mnaanza kuangaliana, hiyo ni kampeni.

Ndani ya kundi kila mtu yuko huru kupigia kura mwenye anataka. Mmoja anaweza kuwa UDA damu na mwingine ODM tangu tumboni. Wakiingia kwa mkutano, wote wanauliza swali moja: doh ya wadi ilienda wapi?

1. Anzeni na watu kumi, si mia mbili

Njia ya haraka ya kuua kundi ni kulianzia WhatsApp. Unaongeza kila namba iko kwa simu, na kufikia jioni kuna mtu anauza viatu, mwingine ametuma video ya mhubiri, na wawili wanatusiana juu ya 2027. Kwisha.

Tafuta watu kumi mkutane ana kwa ana. Base yoyote ni sawa: nyuma ya kinyozi, kwa uwanja, kwa kibanda cha chai. Lakini chagua kwa akili. Weka mtu wa boda, mama mboga, mwanachuo, msee wa kanisa na wa msikiti, mtu anayeishi na ulemavu, na mzee mmoja mwenye anajua hiyo kona ilikuwa shamba la nani. Wanawake wasikuwe wa kuchukua kumbukumbu tu. Wawe na sauti na wawe na namba ya siri ya pesa.

Halafu angalieni majina yenu ya mwisho. Kama yote yanatoka kona moja ya Kenya, mtaa utawasoma kama kundi la kabila hata mkiapa. Vijana wa 2024 walisema hawana kabila, hawana chama. Huku mtaani hiyo kauli inapimwa kwa orodha ya wanachama.

2. Shida moja, kisha mjue ni ya nani

Msianze na "kupigana na ufisadi". Hiyo ni kubwa kama bahari na hakuna siku mtasema imeisha. Chagueni kitu unaweza kupiga picha leo na upige tena baada ya miezi sita: taa tano za barabara, mtaro mmoja, choo cha soko, dawa za zahanati.

Kisha mjue ni mzigo wa nani. Watu wengi hupoteza mwaka mzima wakimpigia kelele mtu si wake. Katiba ya 2010, kwa Jedwali la Nne, iligawa kazi:

Kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, takataka, taa za barabarani, barabara za kaunti, mitaro ya maji ya mvua, masoko, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, leseni za baa, wazima moto.

Serikali kuu: polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu za kitaifa, vitambulisho na pasipoti.

Kwa hivyo ukimsimamisha MCA umuulize kwa nini shule ya sekondari haina walimu, atakubali kwa kichwa, atakuahidi, na ataenda zake akicheka. Si kazi yake. Ukimuuliza juu ya mtaro, hapo hana pa kujificha.

3. Sheria za ukurasa mmoja

Kabla ya shilingi yoyote kuingia, andikeni sheria. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha yenye kila mtu anaelewa. Hizi ndizo hazifai kukosa:

Hakuna pesa, tishati, tenti ama soda ya mwanasiasa, mwenye kiti ama mwenye anakitafuta. Hata "ni ya mchango tu". Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Kiongozi wa kundi akitaka kusimama uchaguzi, anajiuzulu kwanza, tena mapema. Ni haki yake kusimama, lakini asitumie jina la kundi kama ngazi.

Viongozi wanabadilishwa kwa muda maalum. Mwaka mmoja ni fiti.

Pesa inahitaji watu watatu: mmoja anashika, mmoja anaandika, mmoja anakagua. Kila mwisho wa mwezi hesabu inawekwa kwa grupu, hata kama ni finje ya fotokopi.

Hakuna anayeongea na wanahabari ama mhesh kwa niaba ya kundi akiwa peke yake. Mnaenda wawili ama zaidi, na mnarudi na ripoti.

Kuhusu doh: kila mtu akitoa soo kwa mwezi, watu kumi wanatoa thao moja. Hiyo inalipa fotokopi, saiba, nauli ya kupeleka barua na bando. Kundi lenye linajilipia fotokopi zake halina mtu wa kuliambia linyamaze.

4. Cheti: ni lazima?

Kukutana na kuongea, hapana. Katiba, Kifungu cha 36, inakupa haki ya kujiunga na wengine. Mnaweza kuanza leo bila karatasi yoyote.

Lakini mkitaka akaunti ya benki, kukodisha ukumbi ama kuandika barua zenye muhuri, cheti kinasaidia. Kuna Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022. Inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kundi na kumbukumbu za mkutano mliochagua viongozi. Mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, ile ile yenye chama za akina mama husajiliwa. Ulizeni ada rasmi na mchukue risiti.

5. Kalenda: hapa ndipo mchezo uko

Kama utasahau mengine yote, shika hii. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na zinarudi kila mwaka:

Septemba 1: kaunti inafaa kuwa imepeleka bungeni mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Mradi wenu ukikosa huku, una safari ngumu.

Februari 28: taarifa ya mikakati ya fedha inafika bunge la kaunti. Hapa kila idara inawekewa kiwango chake.

Aprili 30: makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti. Baada ya hapo kamati inasikiliza wananchi.

Juni 30: bajeti inapaswa kuwa imepitishwa.

Unaona noma? Watu huja kulia mnamo Julai, wakati sufuria imeshaoshwa. Ukitaka taa za mwaka kesho kutwa, unaanza kubonga Agosti ya mwaka huu, kabla ya ile Septemba 1.

Tangazo la kikao cha maoni ya umma hutoka kwa magazeti, kwa tovuti ya kaunti, ama kwa karatasi imebandikwa kwa ofisi ya wadi. Chagueni mtu mmoja kazi yake ni hiyo tu: kila Jumatatu anacheki hizo sehemu tatu na anatuma kwa grupu. Siku ya kikao mkishindwa kufika wote, tumeni wawili na karatasi yenye maoni yenu, imetiwa sahihi. Maoni ya mdomo hupotea hewani. Ya karatasi yanaombewa muhuri wa kupokewa, na nakala inabaki kwenu.

6. Barua ya siku 21

Hii ndiyo silaha yenye vijana wengi hawajachanuka nayo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ofisi ikipata ombi lako ina siku 21 za kujibu. Kama habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu, ni saa 48.

Tena unaandika kwa Kiswahili ama Kiingereza, chaguo ni lako. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ingawa wanaweza kukutoza gharama ya nakala. Na haulazimishwi kueleza unaitaka ya nini.

Usiandike "tunataka kujua mliiba pesa wapi". Andika kitu chenye mtu hawezi kukwepa, kama hivi:

"Naomba nakala ya kandarasi, jina la mkandarasi, kiasi kilichotengwa na kiasi kilicholipwa kwa mradi wa taa za barabarani katika wadi yetu, mwaka wa fedha uliopita."

Taja jina la wadi na mwaka. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri, urudi nayo. Wakinyamaza ama wakikataa, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman, ambayo ndiyo inasimamia hiyo sheria. Usingoje sana, kuna siku 30 za kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Wakati mnangoja, kuna karatasi ziko bure kwa intaneti. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha kila kaunti imetumia pesa ngapi na kwa nini. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti za kila mwaka, na huyo hataji mambo kwa kificho. Tafuteni kaunti yenu, someni pamoja, kila mtu kurasa kumi.

7. Ombi rasmi kwa bunge la kaunti

Barua ikileta majibu yenye hayaridhishi, mnapanda ngazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu mtu yeyote kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Linapelekwa kwa karani wa bunge, si kwa MCA kwa baa.

Andikeni kwa heshima. Semeni shida ni gani, mmejaribu kuongea na nani na lini, kama kuna kesi kortini ama hakuna, na mnataka bunge lifanye nini hasa. Kisha majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Asiyeandika anaweka alama ya kidole. Hapa ndipo boda na mama mboga wanawapiku wasomi: wao wanajua kila mtu, wanaweza kukusanya sahihi mia mbili kabla ya wikendi kuisha. Lindeni hizo fomu. Nambari za vitambulisho vya majirani si kitu cha kutuma kwa grupu.

8. Mkitoka barabarani

Si kila kitu kinamalizwa na karatasi. Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mtoe taarifa kwa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Someni vizuri: ni taarifa, si kuomba ruhusa. Andikeni jina, tarehe, saa na njia mtapita, na nakala yenu iwe na muhuri.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mnajua vile karao wanaweza kuwa. Mtu asiende peke yake, kila mtu aache nyumbani namba ya mtu wa kupigiwa, na muwe na namba ya wakili mliyezungumza naye kabla. Wale wadogo chini ya miaka 18 wabaki nyumbani.

Kuna wenye wameshafanya

Hamvumbui gurudumu la mkokoteni. Pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, Bunge la Mwananchi limekuwa likikaa chini ya miti tangu miaka ya 1990, watu wa kawaida wakijadili nchi bila kulipwa posho. Mathare kuna Mathare Social Justice Centre; mwaka 2017 walitoa ripoti ya kuorodhesha vijana waliouawa na polisi, majina yenye hakuna ofisi ilikuwa inayaandika. Mzalendo walianza 2005, wakifuatilia wabunge wanafanya nini bungeni.

Kitu kinawaunganisha ni kuandika. Waliweka rekodi, na rekodi haichoki wala haihongwi chai.

Siku bahasha itafika

Na itafika. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mkishakuwa na jina mtaani, mtu atakuja na gari nzuri aseme amependa kazi yenu, anataka "kusimama na vijana". Hatawaambia mumpigie kampeni. Ataacha tu elfu ishirini ya maji. Ni siku ngumu, kwa sababu kuna mwenzenu kodi yake imechelewa miezi miwili na nyote mnajua.

Ndio maana ile sheria iliandikwa mapema, kabla njaa haijapewa kura. Msimwambie "hatukutaki". Mwambieni hivi: mheshimiwa, kundi halichukui pesa ya mgombea yeyote, lakini tuna kikao tarehe fulani. Wagombea wote wa wadi wamealikwa, kila mtu dakika kumi, maswali ni yale yale, na nani anaanza tunavuta karatasi kwa kofia. Majibu yote yanaandikwa na yanabandikwa. Akija, poa. Asipokuja, kiti chake kinabaki wazi mbele ya watu, na hiyo pia ni jibu.

Na msisahau wapigakura wenyewe. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya waliosajiliwa, kulingana na IEBC. Kundi linaweza kusindikiza watu kuchukua kitambulisho na kujisajili, bila kuwaambia wampigie nani. Hiyo pekee ni kazi ya heshima.

Wiki hii ufanye nini?

Usingoje tishati wala jina kali la kundi. Piga picha ya shida moja mtaani kwenu, na uandike tarehe nyuma yake. Ita watu watatu, kila mmoja alete wawili. Kaeni saa moja, mkubaliane ni shida gani na ni ya ofisi gani. Kabla ya kuachana, andikeni ile barua ya siku 21 hapo hapo, kwa kalamu.

Halafu kabla ya kutia sahihi, fanyeni ule mtihani: futeni jina lake, wekeni la yule mnampenda. Mkono usipotetemeka, pelekeni.